Nimepewa Mashine Badala ya Kiinua Mgongo

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 48, mkazi wa Mbagala, nina mke na watoto watatu. Kazi niliyoifanya tangu ujana wangu ni kuchapa fulana, kofia, mifuko na vitu vingine ambavyo kampuni na taasisi hugawa ili majina yao yakumbukwe. Niliingia kwenye karakana hii nikiwa kijana wa kuosha fremu, nikajifunza kukoroga wino, kisha kuvuta skwiji, ule mpira unaosukuma wino upite kwenye wavu wa fremu mpaka kwenye fulana, na kwa miaka mingi sasa mimi ndiye fundi mkuu wa upande wa skrini, yaani uchapaji huo wa fremu. Kama uliwahi kuvaa fulana ya Mei Mosi au kupewa mfuko kwenye banda la Sabasaba, inawezekana kabisa kwamba kitu hicho kilipita mikononi mwangu.

Zamani mwaka wetu ulikuwa na misimu inayojulikana. Mwezi Machi zilikuja kazi za Siku ya Wanawake, Aprili yote ilikuwa ya Mei Mosi, zikafuata Sabasaba na Nanenane, halafu daiari na kalenda za kufunga mwaka. Mwaka wa uchaguzi karakana haikufungwa usiku wala mchana, na ule wa 2015 tulichapa mpaka mikono ikafa ganzi. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, tulipata neema nyingine, maana kila duka na kila benki ilitaka mfuko mbadala wenye jina lake.

Siku hizi oda kubwa hazitufikii. Mteja wa fulana elfu tano humpa kazi wakala wa Kariakoo, naye huziagiza Guangzhou zikaja zimeshachapwa. Zinazobaki kwetu ni za fulana 20 au 30, kila moja na jina la mwenyewe mgongoni na picha ya rangi zote kifuani, nazo hutakiwa kesho yake: za harusi, za wahitimu, za timu za ofisini, na za msiba zenye picha ya marehemu. Kazi ya namna hiyo haiendani na fremu, kwa sababu kila rangi hutaka fremu yake, na kuandaa fremu nne kwa ajili ya fulana 20 ni hasara tupu.

Mwaka jana mtoto wa bosi alirudi kutoka masomoni, akamshauri baba yake anunue mashine ya DTF, ile inayochapa picha kwenye filamu, ikanyunyiziwa unga wa gundi na kupikwa, kisha ikabanwa kwenye fulana kwa hitipresi, yaani mashine ya kubana kwa joto. Inaendeshwa na kijana wa miaka 24 akiwa amekaa kwenye kiti. Vibarua wawili waliokuwa wakinisaidia hawaitwi tena, na bosi mdogo husema waziwazi mbele yangu kwamba skrini imekufa.

Mwezi uliopita mzee aliniita ofisini, mwanawe akiwepo, akaniwekea mambo mawili mezani. La kwanza ni kwamba nibaki na mshahara wangu wa shilingi 600,000 nikiwa msimamizi wa ubora, yaani nikague mizigo kabla haijafungwa, lakini bila malipo ya saa za ziada ambayo kwa miaka yote ndiyo yaliyokuwa yakilipa ada za watoto. La pili ni kwamba niandike barua ya kuacha kazi kwa hiari, nami nipewe ile mashine ya kuzunguka ya rangi nne pamoja na fremu zake zote kama kiinua mgongo changu. Mzee ameithamini kwa shilingi milioni 4. Nikiwa nje, kazi zote za fremu ataniletea mimi, fulana na wino vikiwa vyake, kwa shilingi 300 kwa kila rangi kwenye kila fulana. Tanuri la kukaushia litabaki karakanani, ila nitaruhusiwa kulitumia likiwa halina kazi. Alisema barua hiyo itaturahisishia sote, isije ikaonekana kwamba amenifukuza.

Kuna jambo jingine ambalo sijalieleza kwa mtu. Wiki chache zilizopita zilirudishwa fulana za kampuni moja ya ulinzi kwa sababu maandishi yalibanduka zilipofuliwa mara ya kwanza. Kijana alilaumu unga wa gundi. Nilichukua moja, nikapitisha kidole ukingoni mwa herufi, nikajua papo hapo kwamba gundi haikuingia kwenye nyuzi za kitambaa. Filamu ile ilikuwa ya kubanduliwa ikishapoa, naye alikuwa akiibandua ya moto ili awahi kumaliza. Tulirudia pamoja zikakaa sawasawa. Hakuna aliyenishukuru, lakini tangu siku hiyo kijana hunifuata kimyakimya kuniuliza habari za vitambaa, nami humjibu, huku nikijiona kama ninayemfundisha mtu anayenitoa.

Mke wangu anasema nichukue mashine, tuiweke uani kwenye banda alilokuwa akifugia kuku, kwa kuwa mwanamume wa umri wangu kuambiwa akague maboksi ni kudhalilishwa. Kaka yangu anasema mshahara ni mshahara. Mimi nimekwama katikati. Mzee huyu ndiye aliyenilipia hospitali mwanangu wa pili alipozaliwa kabla ya wakati. Sijawahi kubishana naye, wala sijui ningeanzaje kumhoji juu ya kiinua mgongo. Nimepewa hadi mwisho wa mwezi ujao. Nifanyeje?

Fundi wa Fremu, Dar es Salaam

MAJIBU

Ndugu yangu Fundi wa Fremu,

Umeieleza hali yako kwa utulivu na kwa haki, hata kwa watu ambao ungeweza kuwalaumu, na utulivu huo utakufaa katika siku zilizobaki. Nikikuelewa vizuri, mzee amefunga mambo mawili katika furushi moja: ufundi wako uende wapi, na miaka uliyomtumikia ilipwe namna gani. Wewe umeongeza la tatu, nalo ni deni la hisani unalohisi kuwa unadaiwa. Naamini ugumu unaouona unatokana kwa sehemu kubwa na kufungwa huko, kwa hiyo nitajaribu kulifungua furushi taratibu, bila kukuchagulia.

Nianze na ile kauli kwamba skrini imekufa. Barua yako mwenyewe haisemi hivyo. Inasema kwamba oda zimekuwa ndogo, zenye rangi nyingi na haraka nyingi, na kwamba zile kubwa zimehamia kwa waagizaji wa kutoka China. Hilo ni badiliko la wateja kabla ya kuwa badiliko la mashine, na tofauti hiyo ina maana kwako. Kwenye fulana 20 zenye majina tofauti, fremu haina hoja. Kwenye fulana 800 zenye nembo ya rangi mbili, gharama ya kuandaa fremu ikishagawanywa kwa idadi hiyo, sijui kama kuna kijana mwenye filamu na unga wa gundi anayeweza kushindana nawe kwa bei. Mifuko mbadala nayo imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, na joto la hitipresi hukaribia hapo hapo, ndiyo maana wengi bado huichapa kwa skrini na wino usiohitaji kupikwa. Wewe unayajua haya kuliko mimi. Nayataja kwa sababu mtu akiambiwa kila siku kwamba kazi yake imekufa, huweza kufika mezani kupatana akiwa ameshajishusha bei mwenyewe.

Hata hivyo, kwamba ufundi ungali hai hakumaanishi kwamba kazi zake zitakufuata Mbagala. Hapa ndipo ningependa tukae kidogo.

Umesema mashine imethaminiwa kwa shilingi milioni 4, na nadhani nambari hiyo imekuvutia, kama ambavyo ingemvutia mtu yeyote. Lakini mashine ya kuzunguka bila tanuri inafanya nusu ya kazi tu. Wino wa plastisoli, ule unaohitaji kupikwa ili ukauke, usipopata joto la kutosha mpaka ndani, fulana itaonekana nzuri ikiwa mezani, kisha itapasuka maandishi ikifuliwa, na safari hii zitakaporudi zitarudi kwako. Umeambiwa utalitumia tanuri likiwa halina kazi. Msimu wa Mei Mosi litakuwa halina kazi saa ngapi? Je, fulana zilizochapwa uani kwako zitasafirishwaje hadi karakanani bila kugusana, wino ukiwa bado mbichi? Unaweza kukausha kwa kikaushio kidogo cha umeme au kwa hitipresi, fulana moja baada ya nyingine, lakini vifaa hivyo vinanunuliwa, umeme unalipiwa, na mwendo wa kazi unashuka. Ningekuomba uliulize swali hili la tanuri kabla ya maswali mengine yote, tena kwa lugha ya fundi, kwa sababu katika jambo hili wewe ndiye mjuzi na hakuna ukosefu wa adabu katika kuuliza.

Halafu ipo ile shilingi 300. Ili ufikie shilingi 600,000 kwa mwezi, unahitaji kuvuta skwiji mara 2,000, sawa na fulana 1,000 za rangi mbili, kabla hujamlipa msaidizi, umeme, dawa ya fremu na nauli. Huenda mwezi wa Aprili ukazipita fulana hizo kwa mbali. Swali ni Februari na Septemba. Fundi mkuu kama wewe bila shaka una daftari au mafaili ya oda yanayoonyesha kila kazi, idadi yake na rangi zake. Yapitie ya mwaka mzima uliopita, mwezi kwa mwezi, uhesabu kazi za fremu peke yake, kisha uzidishe kwa 300. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa bahati wewe daftari unalo. Utakachokiona humo kitakuwa na uzito kuliko maneno ya mkeo, ya kaka yako na hata yangu. Ila uangalie kwamba 2025 ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na uchaguzi mkuu mwingine ni 2030. Kuna mashindano ya Mataifa ya Afrika ya 2027, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zimepangiwa kuyaandaa pamoja, na pengine yataleta kazi za fulana na bendera. Lakini msimu mmoja hauwezi kulisha familia mwaka mzima.

Zingatia pia kwamba katika maelezo yako mzee ameahidi kukuletea kazi zote za fremu zitakazopatikana, wala hakuahidi idadi. Huenda ameahidi kwa moyo safi kabisa. Tatizo ni kwamba mwanawe, ambaye siku si nyingi ndiye atakayeshika funguo, haamini kwamba kazi hizo zipo. Ukiingia katika mpango huu ukiwa na mteja mmoja tu, kipato chako kitategemea mtu anayeamini kuwa kazi yako imekufa. Kinyume chake, ikiwa utakuwa huru kuchapa pia kwa ajili ya wale wenye maduka madogo ya DTF, ambao hupata mara mojamoja oda ya mifuko 500 na hawana fremu hata moja, mashine hiyo inaweza kuwa na maisha mengine kabisa. Je, mzee atakuruhusu? Hilo halijatajwa popote katika barua yako.

Sasa nije kwenye jambo lililonishtua zaidi, nalo ni barua ya kuacha kazi kwa hiari.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri anayepunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuendeshaji, na teknolojia mpya ni mojawapo, anatakiwa kutoa taarifa, kueleza sababu na kujadiliana na anayehusika kabla ya kuamua. Aliyeachishwa kazi hivyo hustahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliofanya kazi, hadi kikomo cha miaka kumi, pamoja na taarifa au malipo yake, likizo ambayo hajaichukua na cheti cha utumishi. Kwa mshahara wako, siku moja ni kama shilingi 23,000, hivyo siku 70 ni takriban shilingi milioni 1.6. Utaona kwamba mashine ya milioni 4, kama kweli ina thamani hiyo, inazidi kiwango cha chini cha sheria, na kwa hiyo sisemi kwamba mzee anakupunja. Ninachosema ni kwamba anayeandika barua ya kuacha kazi kwa hiari yake hujitoa mwenyewe katika ulinzi huo. Fao la upotevu wa ajira la NSSF halimhusu aliyeacha kazi kwa kupenda, na ukipeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako malalamiko ya kuachishwa isivyo halali hutakiwa kufikishwa ndani ya siku 30, barua hiyo yenye saini yako ndiyo itakayosomwa kwanza.

Kwa upande mwingine, uwe mwangalifu na jambo hili pia: sheria hiyo hiyo inasema kwamba mfanyakazi anayepunguzwa akikataa bila sababu ya msingi kazi nyingine anayopewa na mwajiri wake, anaweza kukosa kiinua mgongo. Wewe umepewa kazi ya kusimamia ubora kwa mshahara uleule. Ukisema tu kwamba huitaki kwa sababu inakudhalilisha, mwenye kutafsiri sheria anaweza asione kama hiyo ni sababu ya msingi. Ndiyo maana ningependa ufike mwenyewe kwa afisa kazi, umweleze mambo yote mawili, ukaambiwe kwa hali yako hasa, maana mimi hapa nina upande mmoja wa habari.

Yapo na masuala madogo ambayo hujilimbikiza. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida nusu yake hutoka kwa mwajiri. Ukiwa nje utalazimika kuchangia mwenyewe katika umri ambao pensheni si habari ya mbali tena. Kuna namba ya mlipakodi, leseni na risiti, na kuna wateja wa kampuni wanaolipa baada ya miezi miwili au mitatu. Haya hujifunzwa, na wengi wameyamudu. Jambo moja ambalo wachache hulijua ni kwamba Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya 2004, humchukulia kama mwajiriwa mtu ambaye anafanya kazi kwa ajili ya mtu mmoja tu, au anamtegemea kiuchumi, au hupewa vifaa naye, hata kama mkataba unamwita mkandarasi, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sikuambii hili ili ulitumie kama silaha dhidi ya mzee. Nakuambia ili ujue kwamba huenda nyote wawili mnadhani barua hiyo itakata uhusiano wenu wa kazi moja kwa moja, kumbe sivyo lazima iwe.

Turudi kwenye kazi ya kukagua mizigo, ambayo naona imehukumiwa haraka, na mke wako kwa mapenzi yake ndiye aliyetangulia kuihukumu. Nimeipenda sana ile habari ya fulana za kampuni ya ulinzi. Mashine ilikuwa mpya, filamu nzuri, unga haukuwa na kasoro, na bado mzigo mzima ulirudi, mpaka alipokuja mtu aliyeweza kutambua kwa ncha ya kidole kwamba gundi haijashika nyuzi. Mashine hizi hazijui kitambaa. Hazijui kwamba fulana za poliesta zinaweza kuvuja rangi yake zikipata joto kali, na wino wao mweupe ukiachwa siku chache bila kutumika huganda na kuziba vichwa vya kuchapia, jambo linaloweza kugharimu zaidi ya mishahara yako kadhaa. Karakana inayopokea oda ndogo hamsini kwa mwezi ina nafasi hamsini za kukosea. Ikiwa cheo hicho ni cha kufunga maboksi kwa jina zuri, mke wako amesema kweli. Ikiwa ni cha mtu mwenye mamlaka ya kuzuia mzigo usitoke, kupanga joto na muda wa kila kitambaa, na kushauri oda ipi iende kwenye fremu na ipi kwenye filamu, basi ni kazi kubwa kuliko uliyokuwa nayo, na ni halali kuulizia nyongeza itakayofidia zile saa za ziada. Tofauti kati ya hizo mbili haijaandikwa popote, na pengine hata mzee hajaifikiria.

Hapa kuna swali ambalo sikuliona katika barua yako, si kwako wala kwa wakubwa wako: kwa nini wewe usijifunze DTF? Kijana anakufuata kuuliza habari za vitambaa. Wewe waweza kukaa naye kwenye kile kiti ukamwuliza habari za programu na rangi, na nina hakika atakueleza kwa furaha, kwa kuwa tayari anakuheshimu. Unasema unajiona kama unayemfundisha mtu anayekutoa. Nakuelewa, lakini aliyeamua kununua mashine si yeye, na akijua vitambaa peke yake, bila wewe, ndiyo kwanza utakuwa huhitajiki. Kujifunza huko kutakufaa ukibaki, na kutakufaa ukiondoka.

Linabaki la mzee. Mtu aliyekulipia hospitali mwanao akiwa katika hatari amekufanyia wema ambao haulipiki, na singependa uusahau. Ila jiulize: je, alilipa ili siku moja usimwulize jambo? Nashuku kwamba angehuzunika akijua unafikiri hivyo. Huenda naye anaona haya. Ameshindwa kukuambia moja kwa moja kwamba biashara imepungua, ndipo akatafuta njia ambayo wewe ndiwe utakayeonekana umeamua. Kumwuliza maswali ya wazi kunaweza kuwa nafuu kwake kuliko kwako. Ningeomba nafasi ya kuonana naye peke yake, asubuhi, wakati hajachoka, nikaanza na shukrani ya kweli, kisha nikasema kitu kama hiki: "Mzee, nataka tuachane au tuendelee kwa namna ambayo watoto wetu hawatakuja kugombana juu yake, kwa hiyo naomba tuandike." Tanuri, idadi ya chini ya kazi kwa mwezi, bei ya rangi, uhuru wa kuchapa kwa wengine, na njia ya kuondoka iwe ya kupunguzwa kazini kwa makubaliano badala ya kuacha mwenyewe, yote hayo ni mambo ya kuandikwa. Kuna hatari kwamba mwanawe atayaona kama ujeuri na mazungumzo yakapoa. Kuna hatari pia ya kunyamaza, ambayo ni kugundua Septemba kwamba kila mmoja alikuwa na mkataba wake kichwani.

Usione pia kwamba ni lazima uchague kati ya yale mawili kama yalivyowekwa mezani. Huenda mzee akakubali ubaki katika cheo kipya kwa miezi michache ya majaribio huku ukilipwa kwa kila kazi ya fremu inayoingia. Huenda akakubali mashine ibaki pale pale karakanani, karibu na tanuri, nawe uitumie kwa kukodi nafasi. Huenda akakataa yote. Mimi siwezi kujua, na wewe pia hutajua mpaka uulize.

Kuhusu mke wako, usimjibu kwa kumwambia hajui biashara. Keti naye na hesabu za mwaka mzima, mwone pamoja miezi minene na miezi myembamba, na umweleze jinsi banda la kuku litakavyokuwa likinuka dawa za kuoshea fremu huku watoto wakicheza uani, na maji yake machafu mtayamwaga wapi. Kama baada ya hayo yote bado anasema mchukue mashine, basi atakuwa ameisema kama mshirika, na utakuwa umeingia katika biashara ukiwa na mtu anayejua mnachokiingia.

Muda uliopewa unatosha kupitia daftari, kufika kwa afisa kazi na kuzungumza na mzee mara moja bila mwanawe kuwepo. Barua ya kuacha kazi isubiri mpaka hayo matatu yamefanyika. Ukipenda kuniandikia tena, niambie zaidi ya yote alichokujibu kuhusu tanuri.

Wako,
Mshauri